Barua kwa shangazi yangu: Kali Yuga na kikombe cha mpishi

Shangazi, shikamoo. Jai Shri Krishna.

Kila tukizungumza siku hizi unaishia pale pale: hii ni Kali Yuga, zama za uharibifu katika dini yetu ya Kihindu, dunia imeoza kwa sababu watu hawajui tena kilicho safi na kilicho najisi. Wasichana wanaingia jikoni siku zote za mwezi, hata za hedhi, vijana wanakula kwa yeyote, msiba ukitokea hakuna anayehesabu siku za sutak, yaani za unajisi wa msiba. Nakujibu hadharani kwa kuwa maneno haya nimeyasikia kwa wazee wengi pale Kisutu, nao ningependa wanisikie.

Kali Yuga ni ya nne na ya mwisho katika zama zinazozunguka. Kwa hesabu ya mapokeo ilianza mwaka 3102 kabla ya Kristo na itadumu miaka 432,000. Basi hata alfajiri yake haijapambazuka, na sisi tumeshachoka.

Unaipenda hadithi ya mfalme Parikshit katika Bhagavata Purana, moja ya maandiko yetu ya kale. Alimkuta Kali, roho ya zama hizi, amejivika mavazi ya kifalme, akimpiga fahali aliyebakiwa na mguu mmoja. Fahali yule ni dharma, yaani uadilifu na wajibu. Miguu yake minne ilikuwa kujinyima, usafi, huruma na kweli. Uliobaki ni kweli. Wewe huulilia mguu wa usafi, nami sikulaumu, kwani ni mguu wa dharma. Lakini wa huruma nao umevunjika, na sijawahi kukusikia ukiulilia.

Tena soma kitabu cha kumi na mbili cha Purana hiyo hiyo, palipotajwa dalili za kuharibika. Mali peke yake itakuwa kipimo cha nasaba na tabia. Maskini atahesabiwa muovu kwa umaskini wake. Unafiki utaitwa wema. Mtu akishaoga tu atajiona amekamilika, na maji yaliyo mbali ndiyo yatakayoitwa mahali patakatifu. Shangazi, kuoga kusiko na kitu nyuma yake kumewekwa miongoni mwa dalili za Kali!

Najua utanijibu kwamba vitabu hivyo hivyo vinalia kuwa matabaka yatavurugika na Washudra, watu wa tabaka la chini katika yale manne, watakalia viti vya walimu. Ni kweli, yamo. Mimi naona humo hofu ya Wabrahmini, tabaka la makuhani, walioyatunza maandiko hayo, na siwezi kuifanya hofu yao kuwa imani yangu. Lakini Vishnu Purana nayo inasimulia jinsi wahenga walivyomwendea Vyasa, mwenye hekima anayehesabiwa mtunzi wa Purana, wakamkuta akioga katika mto Ganga. Akaibuka majini akasema: Kali ni njema. Akazama, akaibuka: Washudra ni wema. Akazama tena, akaibuka: wanawake ni wema. Walipomuuliza maana yake, akawaambia kwamba kinachopatikana kwa miaka kumi katika zama za kwanza, katika Kali hupatikana kwa mchana mmoja na usiku wake, kwa kulitaja tu jina la Keshava, yaani Krishna. Zama unazozilaani ndizo zilizowafungulia mlango wale waliokuwa wamefungiwa nje.

Halafu tujitazame sisi wenyewe. Miongoni mwa mambo yaliyokatazwa hasa kwa zama hizi ni safari ya baharini kwa watu wa matabaka ya juu. Mwaka 1888 wakuu wa Modh Bania, tabaka la wafanyabiashara, walimtenga Gandhi wao kwa sababu ya kwenda Uingereza, na aliporudi kaka yake alimpeleka Nasik, mji mtakatifu wa India, akaoge maji ya kutakasa. Wazee wetu walipanda majahazi Mandvi, bandari ya Gujarat, wakaja na upepo wa kaskazi hadi Unguja, wakajenga nyumba, maduka na mahekalu. Sheria ile tuliiweka kando kwa sababu tulihitaji kula. Kama ile iliweza kuwekwa kando, kwa nini hii ya kikombe isiwezekane?

Maana hilo ndilo linaloniuma. Mama anayekupikia, anayejua dal yako inataka chumvi kiasi gani, ana kikombe chake cha bati kilichowekwa dirishani, mbali na vyombo vingine. Unga anaukanda kwa mikono yake, na chapati zake unazila. Akishika glasi yako, inaoshwa mara mbili. Hakuna aya iliyokufundisha hivyo. Ni ule ule mkono uliowazuia watu walioitwa wasioguswa wa mji wa Mahad, India, wasinywe maji ya bwawa la mji. Ambedkar, mtetezi wao, alipowaongoza kwenda kuyanywa mwaka 1927, watu wa matabaka ya juu walilisafisha bwawa kwa mkojo na samadi ya ng'ombe, eti limenajisiwa na viganja vya binadamu wenzao.

Asubuhi unaimba bhajan, nyimbo za ibada, za mshairi Narsinh Mehta. Yeye alikuwa Mbrahmini wa Junagadh, wa jamii ya Wanagar, na mapokeo yetu yanasimulia kwamba alikwenda kuimba usiku kucha kwa watu walioitwa wasioguswa, na watu wa tabaka lake wakamtenga kwa hilo.

Nitakuja Diwali, inshallah, kama tusemavyo sote hapa pwani. Naomba nikute kikombe kile kimeingia kabatini pamoja na vyako, na mama yule ameketi nasi mezani wakati wa chai. Ukiona huwezi kuombwa jambo kama hilo na mtoto wa kaka yako, niandikie sababu, nami nitaichapisha hapa hapa neno kwa neno.