Brashi yako ya kunyolea haijafa

Busia, Jumapili jioni

Mwanangu Ramadhani,

Assalaam alaikum. Sisi huku wazima. Mguu wa babako umepungua kuvimba, na mvua imeanza kunyesha vizuri, tangi limejaa mpaka linamwaga.

Juzi kwenye simu ulisema ile brashi niliyokufungia ulipohamia Katwe imekufa. Imekakamaa kama ufagio, ina unga mweupe, inakukwaruza shavu, na unatafuta pesa ya nyingine. Usinunue. Brashi ya nyuzi za plastiki haifi kwa miezi minne. Nilipokuuliza unaiosha kwa maji gani ulicheka, ukasema, "Maji ni maji, mama." Ndiyo maana naandika, kwenye simu ulikuwa unanikimbiza.

Wewe unaishi mji wa chumvi, huko magharibi mwa Uganda. Watu wanashinda ndani ya Ziwa Katwe wakivuna chumvi, nawe unachota kisima cha jirani na kudhani kitakupa maji kama ya mvua. Mwezi wa kwanza ulinilalamikia mwenyewe kwamba unamaliza nusu mche wa sabuni kwa shati moja na povu halionekani. Sabuni ikikutana na maji magumu, sehemu yake inashikana na chokaa iliyomo ndani na kuwa utando, ule unaobaki ukingoni mwa beseni. Beseni unalisugua ukamaliza. Kwenye brashi utando unazama katikati ya nyuzi, chini karibu na mpini, unakaukia huko, na kesho yake unaongeza mwingine juu. Nyuzi za chini zikishagandamana, za juu zinatanuka kama mwavuli uliogeuzwa na upepo. Hilo ndilo linalokukwaruza.

Kinga maji ya mvua, hata kikombe kimoja tu. Loweka nyuzi usiku, nyuzi peke yake, mpini ubaki nje. Ule unga ukiisha asubuhi, ilikuwa chumvi. Ukibaki na kuteleza kidogo kwenye vidole, ni utando wa sabuni, na huo hautoki kwa maji matupu. Hapo chukua siki nyeupe, sehemu moja kwa sehemu tano za maji ya uvuguvugu, uzamishe nyuzi kwa dakika 10. Kisha tia tone la sabuni ya kuoshea vyombo kiganjani, zungusha brashi polepole mpaka povu litoke, na upitishe kitana cha meno mapana kuanzia karibu na mpini kwenda nje. Usishangae ukiona vipande vyeupe vikidondoka. Suuza mpaka maji yatoke safi na harufu ya siki iishe. Mara moja kwa mwezi ingekutosha mahali pengine. Kwa maji yako hayo, fanya kila baada ya wiki mbili.

Jiki usiiguse. Najua unayo, maana unaitia kwenye kila kitu.

Wala usichemshe. Hili nalisema kwa aibu. Mwaka wa pili wa ndoa yetu nilikuwa muuguzi mpya, mikono yangu imezoea kuchemsha kila chombo, nikaona brashi ya babako nikaitupia kwenye sufuria inayotokota. Nyuzi zilijikunja kama nywele za mtoto mchanga, gundi ikalegea, na aliposhika mpini kichwa kikabaki majini. Hakunigombeza. Alinyoa kwa kupaka sabuni na vidole mpaka safari yake iliyofuata ya Mombasa, na kila asubuhi alikohoa kidogo akipita karibu na jiko. Kwa hiyo maji yawe ya joto ambalo mkono wako unalivumilia, basi.

Kuhusu kunyoa kwenyewe sina la kukufundisha, lakini nimetazama wanaume wawili nyumbani humu na wewe unakosea jambo moja. Unaitumbukiza brashi kwenye kikombe na kuiacha humo wakati unatafuta wembe. Hiyo ni tabia ya brashi za nywele za mnyama, ambazo lazima zinywe maji ndipo zilainike. Plastiki hainywi. Ichovye, ikung'ute mara mbili, anza kuzungusha juu ya sabuni. Maji yakizidi povu linakuwa jepesi linakutiririkia hadi kiwiko, halafu unazidisha sabuni, na sabuni hiyo ndiyo inayoshuka chini kwenye shina. Tena usiikandamize kama unayesugua sakafu. Ncha ndizo zinazofanya kazi.

Ukimaliza, suuza, ikamue kwa kiganja bila kuisokota, ikung'ute, ifute juu ya taulo. Babako anashikilia kwamba lazima ining'inizwe kichwa chini. Mimi nimesimamisha ya kwake dirishani juu ya kitako chake miaka yote hii na iko salama, ila ukimuuliza atakwambia ni kwa sababu yeye huigeuza nikitoka. Vyovyote utakavyoiweka, ipate hewa. Kuifungia mbichi ndani ya lile kopo la mswaki ndiko kulikoleta harufu uliyoisema. Mafuta ya nywele ya dada yako usiipake, haina kiu.

Halafu huyo mwenzako wa chumba anayeiazima. Mwambie kwa upole, au mwambie ni mimi nimekataza. Kwenye kunyoa mtu hukatika bila kujua, na homa ya ini aina ya B haihitaji damu nyingi. Wembe ndio mbaya zaidi, lakini brashi inapita kwenye kidonda kilekile, nayo haichemshwi, kama nilivyokwambia. Kila mtu na yake.

Umeniuliza pia kama ya nywele za mnyama isingekuwa bora, kwa vile umeiona ya mwalimu mwenzako. Ya kwanza aliyonunua babako alipokuwa dereva wa lori ilikuwa nzuri machoni, akaitumia wiki mbili, mpaka muuzaji mmoja akamwambia ni singa za nguruwe. Aliitupa kabla hajamaliza kunawa. Za nyuzi za wakati huo zilikuwa ngumu, zilichoma, akavumilia. Hizi za sasa zimechongoka ncha, laini kabisa. Na kuna jambo tulilofundishwa chuoni ambalo sijalisahau: wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, brashi za bei nafuu zilitengenezwa kwa singa za farasi zisizosafishwa vizuri, zikapakwa rangi zifanane na za mnyama wa jamii ya nyegere, na askari wa Uingereza na Marekani wakaugua kimeta kwa kunyoa. Kimeta, Ramadhani, kilekile kilichoua viboko mwaka 2004 hapo hapo kwenye hifadhi ya Queen Elizabeth unakopita kwa boda. Siku hizi singa husafishwa, sikutishi. Lakini yako haina mnyama ndani yake na mimi nalala vizuri.

Nimempa dereva wa basi la usiku kifurushi. Ndani kuna chupa ya siki, kitana, na jerikani ndogo ya maji ya tangi letu, lita tano. Babako amecheka sana kwamba nasafirisha maji kwenda mji wenye maziwa mawili. Mwache acheke. Jerikani uirudishe na dereva huyohuyo, si yangu, ni ya mama Zubeda, na ameshaniuliza leo asubuhi.

Mama yako