Kabla ya kununua kibebeo cha mtoto, muulizeni na fundi

Ndugu Mhariri,

Makala yenu ya ukurasa wa familia kuhusu vibebeo vya watoto vilivyo rafiki kwa mazingira nimeisoma nikiwa kwenye cherehani, na nina mawili matatu ya kuongeza. Vibebeo hivyo vikishanunuliwa huishia mezani kwangu: mkanda umezidi urefu, mshono umeachia, mtoto ananing'inia. Ninashona karibu na Soko Kuu la Chifu Kingalu hapa Morogoro, na mbeleko nilianza kuzishona zamani, kabla hazijawa bidhaa ya kuwekwa kwenye kioo cha duka.

Mwandishi wenu anashauri tusome lebo. Sawa, ila lebo hazisemi jambo moja. Lebo ya GOTS inahusu nyuzi za kilimo hai, angalau asilimia 70 ya kitambaa, na inafuatilia mpaka namna kilivyotiwa rangi. OEKO-TEX Standard 100 inapima kemikali zenye madhara tu, kwa hiyo hata poliesta tupu inaweza kuipata. Na hayo "mianzi" yanayopendwa sasa, mara nyingi ni viskosi: mianzi imeyeyushwa kwa kemikali kali, ndipo ukatolewa uzi. Kitambaa ni laini kweli, nami napenda kukishona, lakini bei ile ya "rafiki kwa mazingira" sioni inatoka wapi.

Kipimo changu ni kiberiti. Chomoa uzi mmoja pembeni ya kitambaa, toka nje mbali na mtoto, uuwashe. Pamba hunuka kama karatasi inayoungua na kuacha jivu linalosagika vidoleni. Poliesta hujikunja, huyeyuka, hubaki kidonge kigumu chenye harufu ya plastiki. Jaribuni na vitenge mlivyouziwa kama pamba mtashangaa ni vingapi vinaacha kidonge! Kwa joto la Morogoro, mbeleko ya poliesta humwivisha mtoto kwa jasho, na kila ukiifua inamwaga vinyuzi vya plastiki kwenye maji.

Pamba ya kilimo hai tunayo nchini, inalimwa Meatu mkoani Simiyu, lakini kwenye majora ya soko letu sijaikuta. Sehemu kubwa ya pamba yetu husafirishwa nje hata kabla ya kusokotwa. Basi kwa mama wa kawaida, linalotunza mazingira ni pamba ya kweli itakayobeba watoto wote wa nyumba hiyo, kisha iishie kuwa tambara la kupigia deki. La pili ni mtumba. Vibebeo vizuri vinatoka kwenye mabelo, vimetumika miezi michache tu. Ukiokota kimoja, kivute kila mshono kwa nguvu, angalia kama plastiki ya vifungo imepauka au ina ufa, na sikiliza kinavyolia unapokifunga. Kifungo kisicholia "ta!" mwachie muuzaji.

Sasa usalama, ambao makala yenu iliugusia kwa sentensi mbili. Mwaka 2010 tume ya usalama wa bidhaa ya Marekani ilitoa onyo kuhusu vibebeo vya aina ya mfuko unaoning'inia begani. Ilikuwa imehesabu vifo visivyopungua 14 katika miaka 20, na 12 kati yake ni vya watoto wa chini ya miezi minne. Mtoto mchanga shingo yake haina nguvu. Akikunjika ndani ya mfuko, kidevu kinaangukia kifuani na njia ya hewa inabanwa. Au uso unazama kwenye kitambaa naye hawezi kuugeuza. Hafurukuti, halii, mama anadhani kalala.

Kwa hiyo mchanga abebwe mbele, wima, amebanana na kifua chako, kwa juu kiasi cha kuweza kumbusu utosini. Uso uuone muda wote, na kati ya kidevu chake na kifua chake vidole viwili vipite. Mgongoni asubiri mpaka shingo ikaze. Najua bibi zetu hawakusubiri, lakini bibi zetu pia walikuwa na mtu wa kuwatazamia mtoto nyuma. Kumfunika gubigubi kukwepa jua si kumsaidia, afadhali mwavuli. Mtoto njiti, au aliyezaliwa na uzito mdogo, fuateni muuguzi anavyoelekeza.

Miguu nayo ina kanuni yake: magoti yawe juu kuliko makalio, mapaja yamepanuka kumkumbatia mbebaji, ili nyonga zikae vizuri. Kitenge kikifungwa sawasawa hufanya hivyo chenyewe. Vibebeo vyembamba, vinavyomshikilia mtoto katikati ya mapaja tu na miguu ikining'inia, mimi huletewa nivipanue, na huvipanua.

Wapo wanaoniletea ringi za mikoba niwashonee mbeleko ya bega, ile inayokazwa kwa ringi. Sishoni. Ringi yenye kiungo hufunguka ikilemewa. Inatakiwa isiyo na kiungo, iliyotengenezwa kwa kazi hiyo. Mikanda naishona kwa mshono wa boksi lenye msalaba ndani, na uzi natumia wa poliesta, mazingira yanisamehe, kwa sababu uzi wa pamba hukatika mapema na hapo anayeanguka ni mtoto.

Akina baba wanaobeba watoto, na wapo siku hizi, wafundishwe pia. Mtoto asibebwe na mtu anayepika, awe mbele au mgongoni, maana mafuta hayachagui. Kwenye bodaboda, ncha ya kitenge inayopepea hunaswa na gurudumu au mnyororo. Mimi nasema mtoto mchanga asipandishwe kabisa.

Anayetaka kujitengenezea: yadi mbili za kitenge cha pamba zinatosha, mwenye mwili achukue mbili na nusu. Pinda kingo zote zisichanike. Fua mara kadhaa mpaka maji yatoke meupe, maana mtoto ataunyonya upindo huo. Wengi huloweka kwa chumvi; mimi sijaona chumvi ikizuia rangi kuchuja.

Fundi Cherehani,
Mji Mpya, Morogoro