Kwa nini hema letu lina bei ya chumba cha hoteli

Karibu kila wiki mteja hutuuliza kwa simu: "Yaani nitoke Dar es Salaam mpaka Kigoma, nilipe bei ya hoteli, halafu nilale kwenye turubai?" Swali hilo ni la haki, na anayeuliza anastahili jibu kabla hajatuma hela.

Turubai si tatizo. Kitanda cha mbao, godoro nene, shuka safi na chandarua navyo vinanunulika. Kinachokula pesa ni maji. Kila hema lina bafu lake na choo cha kuvuta. Pampu ya sola hupandisha maji ya ziwa hadi kwenye simtanki lililo juu mlimani, kisha yanateremka yenyewe. Maji ya chooni hayarudi ziwani hata tone. Yanapita kwenye chemba hadi shimo tulilolichimba mbali na ufukwe, na uchimbaji kwenye mwamba ule ulituchukua muda kuliko kazi nyingine zote. Tanganyika ina kina cha mita 1,470 na mto mmoja tu unaotoa maji yake, Lukuga, upande wa Kongo. Uchafu ukiingia humo hauna haraka ya kuondoka. Na majirani zetu wanayanywa maji hayo hayo.

Kiyoyozi hatufungi. Mahema yako chini ya miembe, yana paa la pili la nyasi, na madirisha ya wavu pande zote. Saa saba mchana joto lipo, hatukufichi, na saa hiyo wageni wengi huwa majini. Usiku utavuta blanketi, hasa Juni na Julai upepo unapovuma.

Jambo moja tunaomba uliangalie mapema: tarehe. Wengi huja kwa ajili ya taa za wavuvi wa dagaa, zinazotapakaa ziwani kama mji mwingine. Wavuvi hao hufanya kazi usiku wa giza. Mbalamwezi ikiwaka, hupumzika. Tena mwaka 2024 uvuvi ulifungwa kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti ili samaki wazaliane, na wageni wa Julai walikuta ziwa jeusi. Kwa hiyo ukipiga simu, tutakuuliza kwanza umekusudia kuona nini, ndipo tukupangie usiku.