Barua ya wazi kwa Waziri wa Afya: Mabingwa wa masikio, pua na koo wapewe kazi yao

Mheshimiwa Waziri,

Sehemu kubwa ya maisha yangu ya uuguzi imepita katika kliniki ya masikio, pua na koo ya hospitali moja ya kufundishia hapa nchini. Nakuandikia kuhusu namna tunavyowatumia mabingwa wachache tulionao.

Asubuhi ya Jumatatu benchi limejaa. Anayewaona wagonjwa ni daktari bingwa ambaye pia ni mhadhiri wa chuo kikuu. Wa kwanza sikio limezibwa na nta. Wa pili naye nta. Wa tatu ni mtoto aliyejitia punje ya harage puani, kaletwa na mama yake kwa rufaa kutoka wilayani, kwa kuwa kule hapakuwa na taa ya kichwani wala kindoano cha kulitolea. Nyuma ya bingwa wamesimama madaktari vijana wanaosomea ubingwa, na hadi saa nne hawajaona ugonjwa wa kuwaongezea ujuzi. Huku wodini yuko kijana anayetokwa na usaha sikioni tangu utotoni. Ugonjwa umeshakula mfupa wa nyuma ya sikio, unaweza kufika kwenye ubongo, na upasuaji wake umeahirishwa tena.

Mheshimiwa, huu ni upotevu mkubwa. Ripoti ya Shirika la Afya Duniani kuhusu usikivu, ya mwaka 2021, ilionyesha kuwa karibu asilimia 78 ya nchi zenye kipato cha chini hazifikishi hata bingwa mmoja wa masikio, pua na koo kwa kila watu milioni moja. Mabingwa wanapoachiwa nafasi, matunda yake tumeyaona: mwaka 2017 Hospitali ya Taifa Muhimbili ilianza kupandikiza vifaa vya usikivu, huduma ambayo awali watoto wetu waliifuata India.

Nta, harage na betri ndogo ambazo watoto hujitia puani zinaweza kuishia wilayani. Wafundishwe matabibu na wauguzi wa huko, wapewe taa, kindoano, kifaa cha kutazamia sikio na bomba la kusafishia. Wafundishwe pia hatari zake, maana harage likipigwa maji linavimba na kukwama zaidi. Betri ndogo ya saa ndiyo inayonitia hofu kuliko yote: puani inaunguza nyama ndani ya saa chache. Mtoto huyo akipandishwa basi kwenda mjini, anaumia akiwa njiani.

Lipo na suala la chuo. Mhadhiri hupanda cheo hasa kwa makala alizochapisha. Saa tatu alizosimama chumba cha upasuaji akimwelekeza kijana namna ya kuchonga mfupa wa sikio bila kugusa mshipa wa fahamu wa uso hazimsaidii sana mbele ya kamati. Jioni anakwenda kwenye kliniki ya kulipia, na simlaumu, ana familia. Lakini kufundisha kwa mikono ndiko kunakobaki na masazo ya muda wake, na bila kufundisha huko hatutapata wa kumrithi. Naomba uketi na mwenzako wa Elimu, upasuaji wa kufundishia uhesabiwe katika kupandisha vyeo.

Naomba pia kila hospitali ya kufundishia iandike, kwa mwezi mmoja tu, saa za kila bingwa wa idara hii zimekwenda wapi: nta, mafindofindo, saratani za koo, darasani, vikao. Rejista za kliniki na za chumba cha upasuaji zipo, kazi ni kuzijumlisha. Kisha chagua mkoa mmoja unaoleta rufaa nyingi, mafunzo ya matabibu na wauguzi yaanzie huko kabla ya bajeti ijayo.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Muuguzi wa masikio, pua na koo