“Namba Nimeshapewa na Mchina”

Wiki hii tena mteja kaondoka ofisini kwetu Mwanjelwa akinung'unika: eti tunamtoza hela kwa kumtafutia tarakimu nane za forodha za mzigo wake, wakati namba ya HS (namba inayotambulisha aina ya bidhaa forodhani) anayo tayari, muuzaji wa Guangzhou kamwekea kwenye ankara. Malalamiko haya tumeyachoka, tuyajibu hapa hapa.

Tarakimu 6 za mwanzo ni za dunia nzima. Zinazofuata kila upande unajiwekea. China wanafika 10, Afrika Mashariki tunaishia 8, na hizo 8 ndizo zinazoamua mzigo wako uingie kwa asilimia 0, 10, 25 au 35, VAT ya 18 ikiwa bado haijapigwa juu yake. Muuzaji aliandika namba ya kupitisha mzigo kwenye forodha ya kwao. Ukikadiriwa upya Dar au Tunduma, yeye keshalipwa zamani.

Na hata zile 6 tusiziamini kichwa kichwa. Mkulima mmoja wa Mbarali aliagiza pawatila (trekta ndogo za kusukuma kwa mkono), zikaja zimefunguliwa: injini kreti lake, matairi kreti lake, mishikio kwingine. Akamwomba muuzaji aandike “vipuri”, maana kasikia mtaani vipuri ni nafuu. Kanuni ya 2 ya uainishaji iko wazi: kitu kilichokuja vipande vipande kinahesabiwa kitu kizima. Pawatila ni 8701.10, zimekaa na matrekta. Afisa kafungua kontena, kaona mashine kamili, karatasi inasema vipuri. Ikawa maswali, nyaraka upya, na gharama ya stoo inahesabiwa kila siku. Alicholipa bandarini kingetulipa sisi mara nyingi tu. Kinachouma zaidi, zana za kilimo ndizo zenye unafuu kwenye jedwali letu la ushuru la Afrika Mashariki. Alikuwa anakimbia nini?

Wakulima wa parachichi wa Njombe nao na mipira ya umwagiliaji wa matone. Ukileta mfumo mzima, na pampu, vichujio na mipira yake, unaweza kwenda 8424. Ukileta mipira mitupu ni bomba za plastiki, 3917. Koki zikija peke yake ni 8481. Jirani yako alilipa kidogo kwa sababu mzigo wake haukuwa kama wako, si kwa sababu wakala wake ana mjomba forodhani.

Ndiyo maana tunakusumbua kwa maswali. Imetengenezwa kwa nini, inafanya kazi gani, imekuja nzima au nusu? Kisha tunasoma maelezo ya sehemu na ya sura za jedwali hilo la ushuru, ambayo watu wengi huyaruka wakakimbilia jina la bidhaa. Bidhaa ikiwa na utata kweli, tunakushauri uombe uamuzi wa awali TRA kabla meli haijaondoka. Na mzigo kutoka si mwisho: ushuru uliopungua unaweza kudaiwa hadi miaka 5 baadaye, na barua inakuja kwa jina lako.

Kwa hiyo leta katalogi na picha kabla hujamlipa muuzaji. Bei yetu ni kwa kila aina ya bidhaa, si kwa kontena. Wenye vipuri mchanganyiko vya bodaboda, paking listi kurasa tano, msituombe tupunguze.