Laos haikuwa na soko la hisa, lakini iliumia

Mhariri,

Kila sarafu za eneo fulani zinapoanza kuyumba, hawakosi wanaodai kwamba nchi ndogo na maskini ziko salama, kwa kuwa hazina soko la hisa wala wawekezaji wa kukimbia na fedha zao. Siikubali hoja hiyo, na shahidi wangu ni Laos, nchi ndogo ya Asia ya Kusini-Mashariki, katika msukosuko wa fedha wa 1997.

Thailand ilipoacha kuilinda thamani ya sarafu yake, baht, tarehe 2 Julai 1997, Laos haikuwa na soko la hisa. Biashara ya hisa ilianza huko Januari 2011. Ilichokuwa nacho ni jirani mmoja mkubwa, Thailand. Kwa huyo ilinunua bidhaa, kwake ilipata wawekezaji, na kwake iliuza umeme wa mito yake. Viwanda vya Thailand vilipopunguza kazi, haja ya umeme nayo ikapungua. Mradi wa Nam Theun 2, bwawa la umeme huko Laos, ukakwama, na ujenzi wake haukuanza hadi 2005.

Linalonisikitisha zaidi ni habari ya kip, sarafu ya Laos. Kabla ya msukosuko, dola moja ilikuwa takriban kip 1,000. Mwaka 1999 ilikaribia 10,000. Baht, ambako moto uliwakia, ilitoka 25 kwa dola hadi zaidi ya 50 Januari 1998, kisha ikapata nafuu. Kip iliendelea kuzama kwa sababu serikali, ikitaka nchi ijitosheleze kwa mchele, iligharimia miradi ya umwagiliaji kwa mikopo ya benki kuu, na kip zilipozidi kuwa nyingi, thamani yake ikashuka. Mwaka 1999 mfumuko wa bei ulipita asilimia 100.

Kutaka mchele wa kutosha si kosa. Lakini tazama nani alilipa. Mkulima mwenye mpunga ghalani alikula chake, na mwenye akiba ya dola au baht alijikinga. Mwalimu na muuguzi, waliolipwa kwa kip, waliuona mshahara ukiyeyuka kabla mwezi haujaisha, nao hawakuwa wamemkopa mtu wala kucheza kamari na sarafu ya yeyote.

Kwa hiyo naomba gazeti lako, litakapoandika tena juu ya misukosuko hii, lisiishie kwenye bei za hisa. Liulize nchi ndogo inamtegemea mnunuzi gani, na benki kuu yake inaikopesha serikali kiasi gani.

Msomaji wako