Chebet, ugomvi wa Palestina haukuanza na Isaka na Ishmaeli

Chebet mwanangu,

Salamu sana. Huku Sisibo tuko sawa, mahindi yamekubali, mama yako mzima. Nimeona niandike badala ya kupiga simu maana ile kitu uliniambia juzi, ati Wayahudi na Waarabu wamepigana tangu Isaka na Ishmaeli kwa hivyo hakuna haja ya kuuliza, imenikaa kichwani. Hiyo ndio stori ya sande skuli na mimi siikubali. Huo ugomvi una tarehe, na una sahihi za watu waliokuwa wamekaa London.

Palestina ilikuwa chini ya Waturuki miaka 400. Wayahudi walikuwepo, Jerusalem, Hebron, Safed, Tiberias, wengine wakiongea Kiarabu kama majirani zao. Haikuwa paradiso, kwa muda mrefu sheria haikumwona Myahudi wala Mkristo kuwa sawa na Mwislamu, lakini hakukuwa na vita ya nani mwenye nchi. Kisha kuanzia 1882 wakaanza kuja Wayahudi wa Urusi wanaokimbia kuuawa, na hao usiwalaumu, wewe ungekaa?

Sasa ikaja vita ya kwanza ya dunia na Mwingereza akaanza kugawa ahadi. 1915 anamwandikia Sharif Hussein wa Makka, pigana na Mturuki tutawapa Waarabu uhuru wao. 1916 anakaa chini kisirisiri na Mfaransa wanagawana hizo hizo nchi kwenye ramani. Tarehe 2 Novemba 1917 Balfour, waziri wao wa mambo ya nje, anamwandikia Lord Rothschild, mkubwa wa Wayahudi wa Uingereza, kwamba serikali inaunga mkono makao ya taifa la Wayahudi Palestina. Jeshi lao halijaingia hata Jerusalem, limeingia Disemba! Na Waarabu, ambao walikuwa karibu tisa kwa kila kumi, barua haiwataji kwa jina, wameitwa jamii zisizo za Kiyahudi, watalindiwa dini na haki za kiraia, za kisiasa hakuna. Baadaye kila wakiomba serikali ya walio wengi wanaambiwa hapana, kuna ahadi.

Lakini ukiniuliza mimi shida kubwa ni shamba, na wewe ni mtoto wa Uasin Gishu utanielewa. Mturuki alileta sheria ya kusajili ardhi 1858, wakulima wakaogopa kujiandikisha kwa ajili ya kodi na kuchukuliwa jeshini, mashamba mengi yakaishia kwa majina ya matajiri wa mjini. Familia ya Sursock ya Beirut ilikuwa na sehemu kubwa ya bonde la Marj Ibn Amir, na miaka ya 1920 wakaiuzia mashirika ya Kizayuni, yaani ya Wayahudi waliotaka nchi yao huko Palestina. Mnunuzi ana karatasi halali, mkulima aliyelima hapo tangu babu yake hana chochote, anaambiwa ahame, na hata kibarua hapati kwa sababu mashamba mengi mapya yalitaka wafanyakazi Wayahudi tu. Hiyo ndio ilifanya moto ushike. 1929 Hebron waliuawa Wayahudi 67, baadhi yao si wageni kabisa, watu wa siku zote, na kuna Waarabu waliowaficha majirani nyumbani kwao. Hiyo pia usiiache.

Halafu Hitler akaingia 1933, Marekani ilishafunga mlango, meli zinaelekea Palestina, mwaka 1935 peke yake walifika zaidi ya 60,000. Waarabu wakaasi 1936 hadi 1939, Mwingereza akanyonga watu na kubomoa nyumba, kisha akageuka akasema Wayahudi 75,000 tu kwa miaka mitano, na hii ni 1939, wakati mbaya kuliko wote wa kumfungia Myahudi mlango. Kwa hivyo wote wawili wakaona wamedanganywa na kila mmoja alikuwa na barua ya kuonyesha.

Na hapa nyumbani je? 1903 Chamberlain, waziri wa makoloni wa Mwingereza, alitaka kumpa Herzl, kiongozi wa Wazayuni, hii plato yetu, ndio, hapa hapa Uasin Gishu, watu huiita mpango wa Uganda lakini ni hapa. Wazayuni walituma watu kuja kuangalia, 1905 wakakataa, na 1908 Makaburu wakaja na magari ya ng'ombe wakapewa wao. Hakuna aliyemuuliza Mnandi wala Mmasai. Nikisoma ile barua ya Balfour naona mkono ni ule ule.

Mwishowe hata Wayahudi walioahidiwa walichukua bunduki dhidi ya Mwingereza, na yeye akawaleta baadhi yao kufungwa Gilgil mwaka 1947. Mwaka huo huo akarushia Umoja wa Mataifa hiyo kesi, Novemba wakapiga kura ya kugawa nchi, Mei 1948 akafunga virago. Vita ilikuwa imeshaanza, na Wapalestina zaidi ya 700,000 walipoteza makwao.

Pesa ya hosteli nimetuma kwa ile namba yako ya zamani, angalia kama imeingia.

Baba